Kipimajoto Kisichoitika

Friji lilisimama katikati ya karakana, jeupe, safi, lenye baridi yake ya kutosha, ila lenyewe halikujua lina baridi kiasi gani. Kwenye kioo chake kidogo, pale ilipotakiwa kuonekana namba ya joto, palikaa vistari viwili tu. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Saa nane muuguzi wa zahanati angekuja kulichukua likatunze chanjo.

"Vistari vikibaki," fundi mkuu aliniambia, "nalifungia friji ile bodi ya umeme ya kununua dukani, hii uliyoitengeneza wewe inaingia kabatini. Na barua yako ya ajira itangoja, dada yangu. Usinione mbaya."

"Wala, Mkuu," nilisema. Miezi yangu sita ya majaribio ilikuwa inaisha siku hiyohiyo.

Mwenzangu tuliyemwita Solda, kwa kuwa kulehemu ndiyo kazi yake, aliinua kichwa kwenye moshi. "Usianze tena kusema waya zangu zimelegea. Leo umenisingizia mara tatu."

"Mara mbili."

"Ya tatu ulinitazama tu, lakini nilisikia."

Waya zake hazikuwa na kasoro, nilizipima mwenyewe. Kipimajoto kilikuwa hai, umeme ulikifikia. Nami nilikuwa nimeandika maelezo yake vizuri kwenye ile orodha ambayo kiini cha mfumo, ile programu kuu ya bodi, huisoma kinapoamka: kwenye laini hii ya waya mbili kuna kipimajoto, anwani yake arobaini, draiva wake, yaani programu ndogo ya kuongea nacho, ni huyu. Kiini kikaamka, kikasoma, kikamtuma draiva, draiva akaita arobaini. Kimya. Kwenye skrini yangu ukatokea mstari uleule wa tangu jana: hakuna aliyejibu.

Njia ya haraka ingekuwa kuita namba zote za laini, moja baada ya nyingine, nione nani ataitika. Lakini karakana yetu ina sheria, imebandikwa ukutani kwa mwandiko wa Mkuu: HAPA HATUITI OVYO. Mwaka juzi mtu aliita ovyo, akaamsha kifaa ambacho hakikuhusika, kikadhani kinaandikiwa, kikafuta kumbukumbu zake zote. Bodi nzima ikafa. Kwa hiyo mtu unasoma karatasi ya kiwandani, unaita anwani iliyoandikwa humo, basi.

Saa tano mama mkwe akaingia na Kifungo, binti yangu wa miezi minane, amemfunga mgongoni. Ndiyo saa yake ya kunyonya. Nikakaa kwenye stuli, nikamweka kifuani, akaanza kunyonya kwa fujo kama kawaida yake, mkono mmoja unanivuta kola.

"Mbona uso umekuwa hivyo, mwanangu?"

"Kuna kifaa hakiitiki, mama."

"Kiitike nini? Nielezee. Mimi nimefanya kazi mitambo ya simu miaka ishirini na mbili, usinione hivi."

Nikamweleza. Flashi ukiichomeka hujitambulisha yenyewe, kama mgeni mwenye maneno mengi: jina, ukoo, kazi, na alikotoka. Vifaa vya laini hii ni vipole, havijitambulishi. Viko vingi kwenye waya mbili zilezile, kila kimoja kinasikiliza, na kinajibu kikisikia anwani yake tu. Usipokiandika kwenye orodha, kiini hakijui hata kama kimezaliwa.

"Laini ya pamoja hiyo," akasema. "Tulikuwa nayo. Nyumba sita, waya mmoja." Akavuta ile karatasi ya kiwandani mezani, akaisogeza mbali na macho. "Sasa huyu mbona ana namba mbili? Arobaini, na hapa arobaini na moja."

"Arobaini ni ya kumwandikia, arobaini na moja ni ya kumsoma."

"Nyumba moja, namba mbili? Kwetu usingeandikishwa."

Nikaivuta karatasi, nikaisoma upya. Kila unapoita kifaa, alama zinazotangulia kwenye laini ni nane, zinapita mojamoja. Saba za mwanzo ndizo anwani. Ya nane si anwani kabisa, inasema tu naja kuandika au naja kusoma. Kiwanda kilikuwa kimezihesabu zote nane. Kiini kinataka saba, ya nane huiongeza chenyewe! Na kwa kuwa mashine huhesabu kwa mbilimbili, ukiitoa hiyo ya mwisho, namba inabaki nusu.

"Ishirini," nikasema. "Mama, ni ishirini! Mshike mtoto!"

"Hajashiba!"

"Atashiba!"

Kifungo akalia kwa hasira ya haki. Nikafuta arobaini, nikaandika ishirini, nikawasha upya. Kiini kikaamka taratibu, mistari ikapanda skrini, halafu kwenye kioo cha friji vistari vikatoweka. Nne nukta mbili.

Solda akaangusha kitambaa. "Niombe radhi. Mbele ya mama mkwe."

"Nisamehe, kaka yangu."

"Kwa mara zote tatu."

Mkuu akaja, mikono nyuma. "Namba imeganda hiyo. Nioneshe inapanda."

Nikakichomoa kipimajoto kwenye tundu lake kikiwa na waya wake, nikakifuta, nikakiweka kwenye kiganja cha Kifungo. Akanyamaza palepale, akakifumbata kwa vidole vyote vitano. Saba. Kumi na moja. Kumi na tisa. Solda alikuwa anahesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, na mama mkwe anapiga makofi kabla ya kila namba. Ilipofika thelathini Kifungo akataka kukila, tukamnyang'anya.

Mkuu aliichukua karatasi ya kiwandani, akachomoa kalamu, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: ANWANI IGAWE KWA MBILI. Kisha akaniangalia.

"Jumatatu uje na picha mbili za paspoti. Za barua yako. Na usiniletee za kujipiga na simu."

Nilitaka kusema kitu cha maana, nikasema tu, "Ndiyo, Mkuu," mara nne hivi.

Mama mkwe alikuwa tayari ananinyoosha kola iliyovutwa. "Mnyonyeshe amalize, tukapige picha studio leo leo," akasema. "Uso ukiwa bado umechangamka hivyohivyo."