Rodeo ya Babu Procopio

Eliseo Baca alipita nyumbani kuchukua tandiko, si kukaa. Alikuwa amechoka. Bega lake la kulia lilikuwa bovu tangu kiangazi, na kwa umri wake wapanda farasi wenzake walishaacha mashindano ya farasi wakorofi wakabaki kusimulia.

Delfina, dada yake mkubwa, alimwekea maharage na pilipili za kuchoma.

"Kesho majirani wanapanda mlimani kukusanya ng'ombe," alisema. "Theluji haiko mbali. Kila nyumba inatoa mpanda farasi. Sisi mwaka juzi hatukutoa, mwaka jana hatukutoa. Na kesho tusipotoa, wetu watawaacha hukohuko wafe."

"Kesho nina rodeo, dada."

"Rodeo! Unajua hata maana yake, wewe? Enzi zake, Babu Procopio akisema anakwenda rodeo, anakwenda kuuzunguka mlima, awakusanye ng'ombe wa kila mtu wawe kundi moja. Neno lenyewe kwa Kihispania ndilo hilo, kuzunguka. Ng'ombe wakishaingia zizini, ndipo vijana wanapanda farasi wakorofi, wachekane. Mchezo ulikuwa makombo ya kazi. Nyinyi mmekula makombo, mkasahau chungu."

"Siku hizi nayo ni kazi."

"Kazi ya kuangushwa!"

Eliseo alicheka kidogo, kisha akaiona fimbo ya dada yake kando ya kiti. Delfina alivunjika nyonga majira ya kuchipua ya mwaka juzi, na tangu hapo hakupanda farasi. Hata hivyo alfajiri Eliseo aliwasha gari akaenda zake. Mtu aliyeitwa mpanda rodeo maisha yake yote, akiliacha jina hilo ataitwa nani?

Mjini watu walijaa. Mchana jina lake likatangazwa, akajikaza kisabuni, akashuka kwenye kizimba chembamba cha mbao, juu ya farasi mwekundu aliyekuwa akitetemeka. Lango la kizimba halifunguliwi mpaka mpandaji aitikie kwa kichwa. Ndiyo desturi, na hakuna anayemwitikia mwenzake.

Eliseo alishika kamba. Bega likamuuma hadi kwenye meno. Akawaza milima, na ng'ombe waliosimama kwenye baridi wakingoja mtu wa nyumbani kwao.

"Tunakungoja, mzee!" mshika lango alimpigia kelele.

Kichwa kilikataa. Watu wakaanza kuzomea. Eliseo akashika mbao za kizimba, akapanda juu, akatoka. Aibu ilimfuata hadi garini.

Aliendesha kurudi nyumbani bila kula. Alipofika, jua lilikuwa linazama na zizi limejaa. Majirani walikuwa wanakula kando ya moto, nao walimwangalia mara moja wakaendelea kula. Ng'ombe wa kina Baca walikuwemo, wote.

Nyuma ya zizi alimkuta Delfina juu ya farasi kizee wa nyumbani, fimbo imefungwa kwenye tandiko, uso umempauka kwa vumbi na maumivu. Majirani walitaka kumshusha, akawafukuza.

"Umeshinda?" aliuliza.

"Sikuitikia."

Eliseo alinyoosha mikono yote miwili, hata ule wa bega bovu.

"Taratibu basi," dada yake alisema. "Tangu asubuhi nimekaa hapa juu, nashindwa kushuka."