Vitabu vya Mazingaombwe Kwenye Friji Bovu

Haya, nikutegee wewe unayenisikiliza: hana mdomo, lakini siri haimkai, ukimfungua tu, anakutolea yote. Nani huyo? Usiangalie darini, jibu haliko huko. Ni kitabu. Na katika vitabu vyote, hakuna mropokaji kama kitabu cha mazingaombwe, kile kinachokufundisha kumeza sindano bila kumeza kitu, na kutoa sarafu nyuma ya sikio la mtu ambaye hata kuoga hajaoga.

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa navyo tele. Yeye ni fundi wa mafriji. Mchana kutwa ana spana na grisi, lakini akishanawa mikono anageuka mtu wa karata, kamba na leso. Jukwaani hajawahi kupanda. Ukumbi wake ni meza ya chakula, na mtazamaji wake ni mkewe. Vitabu alivipanga ndani ya friji lililokufa, kwenye chumba cha nyuma. "Lina rafu, linafunga vizuri, na mende haingii," alikuwa akisema, utadhani mafriji yalitengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa binti yao akapiga simu: anakuja na kichanga chake, atakaa hadi apate nguvu. Kitanda cha mtoto kiwekwe wapi? Palepale penye friji. Mdogo wangu akaniita nikawe hakimu, maana alijijua: akiachwa peke yake na mumewe atalainika.

Nilipofika, friji lilikuwa limeshaburutwa nje na vitabu vimetapakaa sakafuni. Watu wa maktaba walikuwa wapite jioni kuvichukua.

"Chagua kimoja, Profesa," mdogo wangu akamwambia mumewe. "Kimoja tu. Vingine vikasomwe na wenzio."

Shemeji alikuwa amekaa katikati ya vitabu kama mtu aliyeambiwa abaki na jino moja.

"Shemeji, nisaidie."

"Mimi nimeitwa kuhukumu," nikamjibu. "Kuokoa sikuitwa. Hicho kinafundisha nini?"

"Kuficha sarafu kiganjani."

"Na hicho kingine?"

"Kuficha sarafu kiganjani."

"Na hicho kinene?"

Akakohoa. "Hicho pia. Lakini ngoja, shemeji! Hiki kinakwambia mkono ufanye nini. Hiki kinakwambia macho yaangalie wapi wakati mkono unafanya. Na hiki kinakwambia useme nini sarafu ikikudondoka."

"Basi hicho kimechakaa kuliko vyote," mdogo wangu akasema.

Shemeji akachukua sarafu, akakunja vidole vyake vinene, akapuliza. Sarafu haipo! Mimi nikapiga makofi. Mdogo wangu hata shingo hakugeuza; alikuwa anakunja nepi.

"Iko mkono wa kushoto, chini ya dole gumba."

Kweli ilikuwa hapo. Shemeji akanywea.

"Unaona, dada?" mdogo wangu akasema. "Hila zote anazijua, na mimi zote nazijua. Lakini kila akipata nafasi analeta kitabu kingine. Cha nini, baba watoto? Nijibu leo, mbele ya dada."

Shemeji akaanza kutia vitabu kwenye boksi, polepole, bila ubishi, mpaka nikaona haya kuwa hakimu. Mwishowe akabaki na kimoja mkononi, chenye jalada la kijani.

"Nitabaki na hiki."

"Hicho?" Mdogo wangu akaruka. "Hicho hapana! Picha zake zimechorwa kwa upande wa mtazamaji, mkono wa kulia umekaa kushoto. Ukizifuata unafanya kinyume! Afadhali kile chekundu, ile sura ya kamba inayo..."

Nepi ikamtoka mkononi.

"Enhe," nikasema. "Inayo nini?"

"Si nilikuwa nafuta vumbi tu, dada."

"Vumbi ndani ya friji lililofungwa?"

Shemeji wala hakushangaa. Akakiinamisha kile kitabu cha kijani, akakitikisa, na unga wa ngano ukamwagika magotini pake.

"Vyote vina unga," akasema. "Na mimi kwenye unga sijawahi kutia mkono. Nilijua siku nyingi, mke wangu. Na nilijua nikishika hiki hutavumilia."

Mdogo wangu alibaki ameachama, anamtazama mumewe, anautazama unga, anamtazama tena. Kisha akalivuta boksi kwa mguu, akalisukuma hadi chumbani kwao, chini ya kitanda.

"Maktaba waambie tumeahirisha," akasema. "Lakini swali langu liko palepale. Kama ulijua navimaliza vyote, ulikuwa unanunua vingine vya nini?"

"Huo mdomo ulivyokuwa wazi sasa hivi," shemeji akasema. "Ndio niliokuwa nautafuta kwa kila kitabu."