Piano Iliyokuwa Ikivuja

Fundi wa piano alifika baada ya chakula cha mchana, akaomba picha za familia na chombo cha maua viondolewe juu ya piano. Yeye mwenyewe hagusi maua ya watu. Aliyekuwa akiviondoa ni mwenye nyumba, mkaguzi wa shule mstaafu ambaye mtaa mzima bado ulimwita Mkaguzi. Alizibeba picha moja moja na kuzilaza kwenye kochi.

"Tatizo nini, mzee?" fundi aliuliza.

"Inavuja."

"Inavuja wapi?"

"Upande wa juu, kwenye sauti nyembamba. Ukivuta kile kishikio inakuwa kimya, sawa, lakini si kimya cha kuridhisha. Muziki unapenya kidogo. Na mkwe wangu naye anapenya kidogo."

Fundi aliitikia kwa kichwa kama daktari anayesimuliwa habari za kikohozi, akaanza kufungua ubao wa mbele.

Ilikuwa piano ya kawaida ya kusimama, yenye nyundo na nyaya zake, ila iliongezewa mfumo wa mazoezi ya kimya. Ukivuta kwenda chini kishikio kilicho chini ya vibao vya kubonyeza, upau uliovikwa sufi nzito hushuka mbele ya nyaya, na nyundo hugota kwenye upau badala ya waya. Vitambuzi vidogo vya mwanga husoma vidole vinavyobonyeza, kisanduku hugeuza usomaji huo kuwa muziki, na mpigaji huusikia kwenye hedifoni peke yake. Nyumba nzima hupumzika.

Piano yenyewe iliingia nyumbani humo pamoja na mke wa mtoto wa Mkaguzi, aliyekuwa mwalimu wa muziki. Alipenda kupiga mchana, na mchana ndio wakati Mkaguzi alipolala. Mume akapata wazo la kufunga mfumo, akamletea mkewe kama zawadi. Siku kishikio kilipovutwa mara ya kwanza, mke alikuwa akisema asante, na asante ile ikaishia mdomoni. Walidhani amekaukwa na koo. Alipovaa hedifoni akajikuta humo, sauti yake yote, safi kabisa, nyuma ya muziki. Tangu hapo, aliyemhitaji alivaa hedifoni. Mwanzoni mume alizivaa kila jioni, akakaa karibu naye kwenye kiti cha piano wakaongea. Baadaye kukawa na taarifa ya habari, kisha mpira, kisha uchovu.

"Sasa anavujaje?" fundi aliuliza, akimulika nyundo kwa tochi.

"Juzi tuko mezani. Tukasikia 'mama'. Halafu kimya. Halafu 'Alhamisi'. Mtu unabaki na tonge mkononi. Kama unasema, sema. Kama umenyamaza, nyamaza."

Fundi aliona tatizo mara moja. Upande wa juu sufi ya upau ilikuwa imelika, na nyundo za huko zilipita zikagusa nyaya. Juu ya vitambuzi kulikuwa na vumbi jepesi, kama la unga. Alikuwa akitafuta brashi yake wakati mke alipoingia na chai. Midomo yake ikacheza. Fundi akavaa hedifoni, kwa adabu tu.

"Nimesema, sukari kiasi gani?"

"Kidogo tu, mama. Asante."

"Wewe ni mtu wa kwanza kuzivaa tangu mvua zianze," alisema mke. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, kando ya picha. "Kabla hujaziba, naomba unifikishie neno. Mama yangu anaumwa. Alilazwa Alhamisi. Dada yangu alinipigia simu, mimi nikasikiliza tu, amezoea. Mezani nimesema, nikarudia. Mume wangu nimemwandikia pia, akajibu kwamba atasoma akitulia."

"Na ukiinua kishikio mwenyewe?"

"Baba mkwe anakishusha. Wala hakasiriki. Anakishusha tu, kama mtu anayerudishia mlango uliosahauliwa wazi."

Fundi alivua hedifoni sikio moja, akamgeukia Mkaguzi. "Mzee, anasema mama yake mgonjwa, amelazwa hospitali."

"Aa. Kumbe ndiyo ile 'mama'." Mkaguzi alionekana ametuliwa mzigo. Akamwita mwanawe, aliyekuwa chumbani akipiga pasi shati. Mwana akaja na shati mkononi, akaelezwa.

"Maskini," alisema. "Si angesema mapema?"

Kwenye hedifoni mke aliangua kicheko, na fundi akalazimika kupunguza sauti upesi.

Mume hakuwa mtu mbaya. Alisema mkewe aende Jumamosi, na kwamba siku hiyo kishikio kitabaki juu kutwa nzima, aongee na mama yake mpaka achoke. Mkaguzi akaafiki. Mke akawatazama mmoja baada ya mwingine, akainamisha kichwa kushukuru.

"Basi labda hii sufi niiache mpaka arudi," fundi alisema. "Nipite wiki ijayo niimalizie."

"Umeshafungua," Mkaguzi alijibu. "Kazi nusunusu ya nini?"

Fundi alikaa na kipande cha sufi mpya mapajani kwa muda. Kisha akakikata kwa kipimo, akabandua cha zamani, akabandika kipya kwa gundi. Hakuwahi kufunga piano akiacha ndani kasoro anayoijua, na hakujua angeanzaje. Akarekebisha upau mpaka kila nyundo ikasimama upana wa sarafu kabla ya waya. Akapiga brashi vitambuzi. Akasawazisha kibao kimoja kimoja, kwanza kwa kubonyeza taratibu kama anayegusa shavu la mtoto, halafu kwa nguvu, mpaka kisanduku kikajua tofauti. Mwisho akamwomba mke ajaribu.

Mke alisimama katikati ya sebule, akasema jambo refu, kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa kelele, mishipa ya shingo ikamtoka. Fundi alisikia yote. Baadhi yalimhusu Mkaguzi.

"Mzee, kuna kinachopita?"

"Hakuna," alisema Mkaguzi, macho ameyafumba. "Hapo sasa. Safi sana."

Fundi aliitwa tena kwa matengenezo ya kawaida majira yalipobadilika. Kwenye korido kulikuwa na masanduku matatu ya nguo na feni iliyofungwa kwa kamba. Mkaguzi alimpa habari za nyumbani: mama wa mkwe wake alifariki, ila mkwe alimuwahi akiwa hai, ashukuriwe Mungu.

Mke alikuwa jikoni akikausha vyombo. Fundi alivaa hedifoni, akauvuta waya wake mrefu mpaka mlangoni mwa jikoni, akampa pole.

"Nimepoa," alisema mke. Alizungumza bila kugeuka, sahani mkononi. "Jumamosi ile kishikio kilikuwa juu kweli. Nilifika hospitali nikamsalimia mama, akafurahi, akasema nina sauti nzito siku hizi. Nikaanza kumweleza mambo yangu. Kumbe nyumbani baba alikuwa amemaliza kula, anakwenda kujilaza. Hapakuwa na kelele yoyote ndani, mimi sipo. Ni mkono wake tu umezoea."

"Akakishusha."

"Niko katikati ya sentensi. Mama akangoja nimalizie. Akaniuliza, 'Umenikasirikia, mwanangu?' Nikatikisa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yameshafifia, hakuona. Nikamshika mkono. Akasema, 'Haya, ukipoa utaniambia.' Alifariki kesho yake asubuhi."

Mke akaifuta sahani mara ya mwisho.

"Zamani angeambulia neno moja moja," mke aliendelea, akiiweka sahani kabatini. "Angalau yale membamba. Lakini kazi yako ilikuwa nzuri, fundi. Halikupita hata moja."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayesifia viatu vilivyoshonwa vikashoneka. Fundi akarudi sebuleni, akachukua brashi, akaanza kufagia vitambuzi ambavyo havikuwa na vumbi.

Mkaguzi alikuja kusimama nyuma yake. "Fundi, nikuulize. Binti yangu amerudi."

"Ndiye mwenye masanduku?"

"Ndiye. Ndoa imemshinda. Sasa kila tukikaa kula anataka kueleza kwa nini. Ana haki, simnyimi, ni mwanangu. Lakini anaeleza kwa kirefu." Alikuna kidevu. "Huu mfumo unabeba mtu mmoja tu?"

Fundi alipiga magoti, akakitazama kisanduku kwa chini. Angeweza kusema mmoja. Lakini hakuwa mtu wa kusema uongo kuhusu vifaa.

"Una matundu mawili ya hedifoni, mzee."

"Nilijua tu. Waliotengeneza kitu kama hiki hawawezi kuwa wajinga."

Ilikuwa kazi ya muda mfupi. Fundi alichomeka hedifoni ya pili, akapima sauti kushoto na kulia, akainua kishikio, akakivuta tena. Binti wa Mkaguzi alikuwa mlangoni akimweleza kaka yake namna mumewe alivyokuwa akimfungia simu kabatini. Alifika kwenye neno "kabati", akaendelea kuongea kwa mikono na midomo, kisha akatulia, akatazama piano. Wifi yake alitoka jikoni akijifuta mikono, akamkalisha kwenye kiti cha piano, akamvisha hedifoni, naye akavaa zake.

Mke alianza kupiga kitu cha taratibu. Vibao viligonga tik, tik, kama mtu anayemenya njugu. Midomo ya wawili hao ilikuwa ikicheza, mara ya huyu, mara ya yule, mara yote kwa pamoja. Ghafla mabega yao yakaanza kutikisika, haikujulikana kama ni kicheko au ni kilio, na mke hakuacha kupiga.

"Wanaelewana sana hawa," alisema mume, akaongeza sauti ya televisheni.

"Wanasema nini?" fundi aliuliza.

"Mambo yao," alisema Mkaguzi.

Fundi alitoa hedifoni zake za kazi kwenye mkoba, akainama chini ya vibao kutafuta pa kuchomeka. Matundu yote mawili yalikuwa na watu. Alibaki ameinama pale kidogo, waya mkononi, halafu akauviringisha na kuurudisha kwenye mkoba.