Kuvu Yenye Kiu

Kila Borbála alipogonga pipa lake la mvinyo mtamu, lilitoa mlio wa kitu kinachozidi kuwa kitupu. Na kila mara Vendel, mdogo wa marehemu mumewe Lőrinc, alikuwa na jibu lile lile.

"Ni kuvu, shemeji. Humu pangoni mwa mapipa mvinyo unapaa hewani, kuvu ya ukutani inaunywa. Mapango yote ya mvinyo hapa Tokaj yako hivyo."

Hilo ni kweli. Marehemu Lőrinc alikuwa akiipapasa kuvu ile nyeusi kama mtu anayempapasa paka, na ole wake ambaye angethubutu kuisugua. Lakini kuvu gani hiyo inayoshikwa na kiu tangu Vendel akabidhiwe ufunguo wa pango, tena zaidi siku za sikukuu?

Leo Borbála aliteremka pangoni na mshumaa, Vendel nyuma yake akipiga soga zisizo na kichwa wala miguu. Kwenye mapipa ya mvinyo mkavu, ukuta ulikuwa umefunikwa na kuvu nene, laini kama manyoya ya kondoo. Kwenye pipa lake la mvinyo mtamu, mawe ya ukuta yalikuwa yanaonekana.

"Vendel, kuvu ikinywa inanenepa?"

"Sana, shemeji."

"Hebu tazama hii."

Vendel akatazama, akakohoa. "Labda inaumwa."

Borbála akauondoa mshumaa ukutani, akaushusha taratibu hadi kwenye tumbo la shemeji yake, pale vifungo vya shati vilipokuwa vinakaribia kukatika.

"Ya ukutani imekonda," akasema. "Iliyonenepa ni hii hapa. Lete ufunguo."