Soda ya Madam Judica

Judica hakuwa mlafi, tusimsingizie. Alihamia Bariadi kutoka Moshi akiwa afisa mifugo, mwembamba tu, na kila nyumba ya kijiji cha Mwamapalala aliyokwenda kuchanja ng'ombe ilimpokea kwa soda. Huku kumpa mgeni wa serikali maji matupu ni aibu. Kwa kuwa kisukari kilishamkata mama yake mguu, Judica akaomba ya kwake iwe isiyo na sukari. Wenyeji wakamtafutia. Akawa anakunywa nyumba hadi nyumba, moyo mweupe.

Basi njaa ikamwandama. Jioni anakula ugali hadi anakwangua sufuria, na bado anatafuta kitu cha kutafuna. Sketi zikagoma kufunga. Alipokwenda kupima, sukari ilikuwa imeanza kupanda.

"Ulimi ukionja utamu, ubongo unajiandaa kupokea sukari," daktari alimweleza. "Isipokuja, kwa watu wengine hamu ya kula haitulii, inazidi. Wataalamu bado wanalichunguza. Wewe acha hiyo soda kwanza, uone."

Akaacha, ameuma meno. Nyumbani akaacha, ofisini akaacha, na njaa ile ya jioni ikaanza kulegea. Mguu wake hautakatwa, alijiapiza. Ugumu ukabaki kwa wenyeji.

Siku ya chanjo alianzia kwa mzee Machibya. Kazi ilipoisha, mke wa mzee, Minza, alimletea soda ileile, kaishika kwa mikono miwili.

"Karibu, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nimeifuata mpaka mjini."

Judica aliona haya hadi masikio yakamwaka. Angeweza kusingizia tumbo, yakaisha. Lakini wiki ijayo soda ingerudi palepale.

"Wabeja, mama, nashukuru. Mimi naomba maji."

Machibya akakunja uso. "Madam, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, baba. Hii soda inanipa njaa isiyo na adabu. Nanenepa, na sukari inapanda. Nimeiacha, na kwenu sitainywa tena."

Mzee akacheka, akasema watu wa Moshi wana mambo. Minza hakucheka. Aliketi taratibu, chupa mapajani.

"Na mimi je?" aliuliza. "Nina kisukari, mayu. Ulisema haina sukari, nikaona ndiyo dawa ya wasomi. Nainywa asubuhi na jioni. Vidonge vya zahanati niliviacha tangu mavuno."

Hakuna aliyemwambia Minza aache vidonge, lakini soda ile aliileta nani nyumbani humu? Judica akamtazama miguuni. Dole gumba la kushoto lilikuwa limefungwa kitambaa.

"Hapo vipi, mama?"

"Kidonda kidogo tu. Hakiumi."

Judica alifunga boksi la chanjo, akalikabidhi kwa Machibya aliweke kivulini. Nyumba nyingine zingesubiri. Akawasha pikipiki.

"Panda, mama," alisema. "Tunakwenda zahanati, na kuanzia leo mimi na wewe tunakunywa maji."