Vishada vya Mtandio

Mama yao alipofariki aliacha mtandio mweusi wenye vishada vyekundu kwenye ncha zake, na mabinti zake wawili wakaugombania mpaka wakanuniana. Mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Unga kwa kuwa ndiye mwenye mashine ya kusaga, alisema ni haki yake, maana ndiye aliyemuuguza mama. Mdogo, msusi wa nywele, hakubishana. Siku ya kugawana vitu aliuchukua tu, akajitupia begani na kuondoka.

Asubuhi moja mdogo akaja mashineni na ndoo yake ya mahindi. Mtandio alikuwa ameuzungusha shingoni.

"Umekuja kuniringishia hayo matamvua?" Mama Unga akauliza kwa kupaza sauti, maana mashine ilikuwa inanguruma.

"Si matamvua, dada, ni vishada. Matamvua ni nyuzi za kuning'inia ovyo. Hivi mama alivifunga vichwa kimoja kimoja kwa mkono wake. Vuta uwezavyo, havikatiki."

"Mashine yangu, na bado unanifundisha kusema!"

Mdogo akacheka. Akainama kumimina mahindi, na ncha ya mtandio ikamteleza begani.

Mama Unga hakuona kishada kilivyonaswa. Aliona ndoo ikiruka, mahindi yakitapakaa sakafuni, na mdogo wake akivutwa shingo kuelekea kwenye mkanda wa mashine. Mdogo hakupiga hata ukelele. Mdomo ulikuwa wazi, macho yamemtoka, lakini sauti hakuna. Kichwa cha kishada kilikuwa kimekwama kati ya mkanda na gurudumu, na nyuzi za mama zilikataa kukatika.

Mama Unga akaruka, akazima swichi. Mngurumo ulipungua, ila gurudumu halikusimama. Liliendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki. Akanyakua kisu cha kufungulia magunia, akapenyeza vidole kati ya shingo na kitambaa, akakata. Alikata kitambaa, akajikata na kidole, asijue. Mtandio ulipoachia, wote wawili wakaanguka chali juu ya mahindi.

Wateja waliokuwa kwenye foleni waliganda, kila mtu na gunia lake. Hakuna aliyesogea.

"Pumua! Pumua, mdogo wangu! Usinifanyie hivi!"

Mdogo akakoroma, kisha akakohoa, kisha akavuta pumzi ndefu yenye mluzi. Hapo ndipo watu walipopata miguu. Wakambeba hadi zahanati.

"Sauti itarudi," daktari alisema baada ya kumpima. "Ana bahati sana."

Mdogo, shingo imevimba na alama nyekundu imemzunguka, akamvuta dada yake karibu. "Mtandio uko wapi?" akanong'ona.

"Ukome!" Mama Unga akafoka, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. "Ukome kunitajia huo mtandio! Ningemwambia nini mama?"

"Mama alishakufa, dada."

Wakatazamana. Mdogo akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega yakitikisika tu. Mama Unga hakuweza kucheka. Alimkumbatia, akakataa kumwachia hata muuguzi alipokuja na dawa.

Kesho yake aliita fundi wa kuchomelea aje azungushie mkanda wavu wa chuma.

"Niache nafasi kiasi gani, Mama Unga?" fundi akauliza. "Mkono upite?"

Mama Unga akautazama mkanda. Akaketi juu ya gunia la mahindi, akalia mbele ya wateja wote.