Mwenye Kaburi Amefunga Mlango

Jumapili asubuhi chombo cha watalii cha kuzamia kilishuka chini ya bahari kwenda kutazama mabaki ya meli iliyozama enzi za mababu, na hakikurudi. Ndani mlikuwa na watu watano. Jumatatu, kabla chai haijapoa, Selby Pardy wa kijiji cha Kettle Cove alikuwa ameshapiga simu redioni kuwacheka.

Hilo halikumshangaza mtu. Selby alikuwa fundi wa injini za boti, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya mikwaruzo kama mchanga ndani ya ndoo. Kisiwa kizima cha Newfoundland, huko Kanada, kiliijua sauti hiyo, hata wale wasiomjua kwa sura. Kila asubuhi mtangazaji Dermot Furlong alifungua simu za kipindi chake na watu wakamwaga ya moyoni: mashimo ya barabarani, bei ya mafuta, kivuko kilichoharibika tena. Jikoni kwa Selby redio ilikuwa haizimwi tangu alipooa.

Asubuhi hiyo wapiga simu wengi walikuwa na hasira. Ndege na meli za serikali zilikuwa zimeshatoka kuwatafuta matajiri, na wale wavuvi wawili wa pwani ya kusini waliopotea mwezi wa nne walitafutwa siku moja tu, basi. Selby aliwajua wale wavuvi. Injini yao aliifungua na kuifunga kwa mikono yake. Akanyanyua simu.

"Dermot, mwanangu," alisema, maana huko kila mwanamume ni mwanangu, hata awe mkubwa kwako, "hao watu wamelipa bei ya nyumba kwenda kutazama kaburi la wenzao. Sasa mwenye kaburi amefunga mlango. Analaumiwa kwa lipi?"

Dermot alicheka mpaka akakohoa.

Glenda, mke wa Selby, alikuwa jikoni anakaanga mkate wa kula na molasi. Hakucheka. Alisema Corey yuko hukohuko. Selby akamjibu kwamba Corey yuko juu ya meli, anazungusha winchi na analipwa kwa saa, na wale wakizidi kukawia yeye anazidi kulipwa. Corey alikuwa mtoto wao wa pekee, kibarua wa sitaha kwenye meli iliyokipeleka kile chombo. Hakuwa amepiga simu tangu Jumamosi, lakini huko nje baharini simu hazishiki.

Mchana mlango ukapigwa hodi.

Kettle Cove hakuna hodi. Mtu anafungua mlango wa nyuma, anaingia jikoni, anajimiminia chai, ndipo anakuuliza habari. Anayepiga hodi ni polisi au mgeni, na hakuna kati yao anayeleta jambo zuri. Glenda alizima jiko kabla hajakwenda kufungua.

Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, wenye makoti mapya ya mvua na nembo ya kampuni kifuani. Walikataa kukaa. Mwanamke ndiye aliyeeleza. Mteja mmoja alikuwa ameahirisha safari dakika za mwisho, na chombo kile hakishuki vizuri kikiwa na uzito pungufu. Mabaharia walikuwa na mtindo wao: kiti kikibaki wazi, mmoja wao anaingia badala ya mteja. Walimwita gunia. Kila mmoja alikuwa anaomba zamu ya kuwa gunia, maana ni safari ya matajiri kwa bure. Jumapili zamu ilikuwa ya Corey.

Selby aliuliza kama wana hakika. Mwanamke akasema wana hakika. Kisha akawaomba wasimwambie mtu yeyote mpaka kampuni itangaze majina yenyewe, kwa sababu familia nyingine zilikuwa ng'ambo na mambo yalikuwa nyeti.

Walipoondoka, redio ilikuwa bado inasema. Saa ya taarifa ilifika, na baada ya taarifa kituo kikarusha tena kipande cha asubuhi. Sauti ya Selby ikajaa jikoni: mwenye kaburi amefunga mlango. Kicheko cha Dermot kikafuata. Glenda alikwenda akachomoa waya ukutani, akapanda juu bila kumtazama mumewe.

Kesho yake maneno yale yalikuwa yameshavuka bahari. Watu wa nchi ambazo Selby hakuzijua waliyaweka juu ya picha za samaki wanaocheka, na mtu mmoja akayatilia muziki. Selby alikwenda dukani kwa Hubert kununua maziwa, kwa sababu nyumbani hakukuwa na hewa. Wanaume watatu walikuwa wameegemea kaunta.

"Huyu hapa mwenye kaburi mwenyewe," Hubert alisema. "Selby, mwanangu, umekuwa mkubwa kuliko waziri mkuu. Maziwa chukua bure."

"Nitalipa."

"Tuambie basi, hewa yao inaisha lini? Hawa hapa wameshawekeana dau."

Mmoja alisema Alhamisi alfajiri. Mwingine akasema matajiri hawapumui sana, wana watu wa kuwapumulia. Wakacheka. Selby alikuwa amekaa kwenye kaunta hiyo maisha yake yote, na alijua kwamba angekuwa hana mtoto mle chini, mzaha wake ungekuwa mkali kuliko wao. Alitaka kusema. Akaweka sarafu, akaondoka na kuyasahau maziwa palepale.

Jumatano Glenda alirudisha waya ukutani mwenyewe, kwa sababu kutojua kulikuwa kumemshinda. Ndipo wakasikia kwamba ndege imedondosha vinasa sauti baharini na vimenasa mlio. Kitu kilikuwa kinagonga. Kinagonga, kinanyamaza, baada ya nusu saa kinagonga tena.

Selby alisimama.

Kettle Cove ukungu ukikufunika baharini, unachukua kasia na kugonga ukingo wa boti. Mara tatu, unanyamaza na kusikiliza, mara tatu tena, mpaka wenzako wakufikie. Kila mtoto wa hapo anafundishwa kabla ya kufundishwa kuogelea. Corey alifundishwa chini ya meza ya jikoni humohumo, kwa mwiko na sufuria, akawatia watu wazimu majira yote ya baridi.

"Ni yeye," Selby alisema.

Glenda akamtazama, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Unasema kweli, au unanipoza?"

"Nani mwingine mle ndani anajua kugonga hivyo? Matajiri? Ni yeye, Glenda."

Selby akaketi, na Glenda akamshika mkono wa shati. Walikaa hivyo, wanasikiliza, kana kwamba mlio wenyewe ungeweza kufika jikoni.

Simu zilipofunguliwa, mpiga simu wa kwanza akasema ni mafuta ya bure yanachomwa huko. Wa pili akasema watafutaji warudi nyumbani, na kwamba kuna mzee mmoja wa Kettle Cove alishalimaliza jambo hili Jumatatu: mwenye kaburi amefunga mlango, basi, wamwache. Wa tatu akasema hivyohivyo. Dermot akauliza kama kuna yeyote anayetaka msako uendelee. Laini zikawa kimya.

Selby akanyanyua simu.

"Walituambia tunyamaze," Glenda alisema.

"Siku ya kunyamaza ilikuwa Jumatatu."

Dermot aliipokea sauti ile kwa furaha. Akawatangazia watu kwamba mwenyewe amerudi, watege masikio. Selby akamwacha amalize.

"Dermot, usicheke," alisema. "Kiti cha tano kina mtoto wangu. Corey Pardy. Sikujua niliposema yale. Lakini hata ningejua ni mtoto wa mtu mwingine, alikuwa mtoto wa mtu. Anagonga. Anagonga tulivyomfundisha. Nawaomba watafutaji wasirudi."

Kisha Dermot akasema, taratibu, "Tumekusikia, nahodha," kama wazee wa huko wanavyoitwa kwa heshima.

Kabla ya jioni mlango wa nyuma ulianza kufunguka. Hubert alikuwa wa kwanza, kabeba sufuria ya nyama ya chumvi na kabichi, kofia mkononi, akisema alikuwa hajui, angejua vipi. Nyuma yake walikuja wanawake wa kanisani na mikate iliyofunikwa vitambaa. Glenda aliwasimamisha kizingitini. Kettle Cove chakula cha kubebwa hivyo kinapelekwa nyumba yenye msiba, na kila mmoja pale alilijua hilo.

"Rudini navyo," alisema. "Mtoto wangu anagonga."

Hawakuthubutu kurudi navyo. Waliviweka kwenye ngazi za nje, kimoja pembeni ya kingine, na paka wakaja.

Kwingineko watu walikuwa wameshageuza mzaha. Sasa waliandika kwamba mwenye kaburi kafungiwa mlango na yeye.

Alhamisi ikapigwa hodi tena. Selby alifungua. Walikuwa wale wawili wenye makoti, na safari hii mwanamke aliomba kukaa. Roboti ilikuwa imefika chini na kukuta vipande vya chombo vimetawanyika mchangani. Kilipasuka Jumapili asubuhi, kikiwa bado kinashuka. Ilikuwa ghafla, alisema, hawakupata hata muda wa kuogopa.

"Na mlio?" Selby aliuliza.

Mwanamke akasema labda ni mitambo ya meli za msako zenyewe, labda ni chuma kuukuu huko chini. Bahari ina kelele nyingi.

Baada ya wao kwenda, Selby alimwambia mkewe kitu alichodhani kitamsaidia: kwamba Jumatatu asubuhi Corey alikuwa ameshakufa, kwa hiyo yale maneno hayakumdhuru.

Glenda alikuwa anazisafisha sufuria za watu, kwa kuwa sasa zilipaswa kuingia ndani.

"Hayo ya Jumatatu ningeyameza," alisema. "Lakini jana ulinipa mtoto wangu, Selby. Nikamshika siku nzima."

Baada ya misa ya kumwombea Corey alizirudisha sufuria nyumba kwa nyumba, kila moja kwa mwenyewe, kisha akapanda basi kwenda kwa dada yake, mji wa Gander. Alisema ni kwa wiki kadhaa. Tangu hapo theluji imeanguka na kuyeyuka, na hajarudi.

Gharama ya yote hayo ni hii. Watu watano, mmoja wao Corey, ishirini na sita, hana kaburi isipokuwa lile. Mke mmoja, yuko Gander, anapiga simu Jumapili na kuuliza habari za boila ya kupasha nyumba joto. Redio moja, ipo kabatini, waya umezungushiwa. Na mlango wa nyuma. Hubert akija kwa ajili ya injini yake, na wengine pia, wanasimama nje na kupiga hodi.